Simu Ngumu na Kazi Ngumu

Mwezi wa Desemba uliopita mjomba wangu, ambaye ni mvuvi katika Ziwa Edward, aliniita kwake akaniwekea kiti, akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Nataka kununua simu isiyokufa upesi. Twende mjini ukanisomee maneno yake." Nikafurahi, maana ni kijana gani asiyependa kuitwa msomi na mtu mzima? Tukapanda gari mpaka Kasese. Dukani tukaonyeshwa simu moja nene, nyeusi, yenye pembe za mpira wa rangi ya machungwa na skrubu zinazoonekana ubavuni. Juu ya sanduku lake palikuwa na maandishi mengi: IP68, IP69K, na tena MIL-STD-810, ambayo muuza duka alisema ni kipimo cha jeshi la Marekani. Kisha akaitupa sakafuni mbele yetu, akaiokota, akaiwasha, akacheka. Nami nikamwambia mjomba, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba simu iliyoshinda majaribio ya askari haiwezi kushindwa na mtumbwi. Akatoa shilingi 620,000. Fedha ile ilikuwa ya samaki wa miezi miwili, na sehemu yake ilikuwa imewekwa kwa ada ya binti yake aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Binti yule alianza shule wiki tatu nyuma ya wenzake.

Simu ile haikutimiza miezi mitano.

Sipendi kumlaumu muuza duka, kwa kuwa kila neno alilosema lilikuwa limeandikwa juu ya sanduku. Nataka kusema juu yetu sisi wanafunzi, na juu yenu ninyi ndugu zetu mliotoka shule hii mkapata kazi mijini. Sisi ndio tunaoulizwa. Baba, mjomba, shangazi auzaye samaki, kaka achimbaye chumvi, wote hutujia na kusema: "Hebu soma." Nasi twasoma herufi za sanduku, lakini kazi ya mtu atakayeichukua simu ile hatuisomi. Hilo ndilo neno langu, na naomba nafasi ya kulieleza.

Kwanza niwajibu wale wanaocheka. Wapo wenzangu bwenini wasemao kwamba simu hizi nene ni majivuno tu, na kwamba mvuvi hana haja ya simu ya kisasa, yamtosha simu ndogo ya tochi. Mimi sikubali. Mtu wa ofisini simu yake yalala juu ya meza kavu, na ikianguka, pengine yaanguka juu ya zulia. Mvuvi hupiga picha ya samaki kumpelekea mnunuzi kabla hajafika pwani, hutazama habari za upepo, hupokea fedha zake kwa simu, na usiku akipotea hutaka kujua yuko upande gani wa ziwa. Hayo yote huyafanya akiwa amelowa. Kama kuna watu duniani waliostahili kutengenezewa simu ngumu, basi ni wao. Kwa hiyo sisemi simu ngumu ni upuuzi. Nauliza tu: ni ngumu mbele ya kitu gani?

Baada ya hasara kuingia ndipo nilipokwenda kutafuta maana ya zile herufi, kazi iliyonipasa kuifanya kabla. Nitawaeleza kwa ufupi, maana si jambo la siri.

Alama ya IP ni kipimo cha kimataifa kilichotangazwa mara ya kwanza mwaka 1976, na hutumika kwa vitu vingi vya umeme, si kwa simu peke yake. Tarakimu ya kwanza yaeleza vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Tarakimu ya pili yaeleza maji. Ikiwa ni 7, kitu kimezamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Ikiwa ni 8, kimezamishwa kwa namna iliyo ngumu kuliko hiyo, lakini kina na muda huchaguliwa na mwenye kiwanda mwenyewe, kwa hiyo IP68 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na IP68 ya nyingine. Na maji yale ni maji safi, yaliyotulia. Si maji ya chumvi, si maji ya sabuni, wala si yale maji ya chini ya mtumbwi yaliyochanganyika na petroli na damu ya samaki. Tena kitu kinachopimwa ni kipya. Hakuna tarakimu inayoeleza simu itakuwaje baada ya kuchajiwa mara mia.

Ama ile IP69K, nilicheka peke yangu nilipoielewa. Kipimo hicho kilianza Ujerumani kwa ajili ya magari, ambayo huoshwa kwa maji ya moto ya digrii 80 yanayorushwa kwa nguvu nyingi kutoka karibu sana. Ni kipimo kizuri kwa lori la zege na kwa mitambo ya kiwanda cha nyama. Mjomba wangu, ambaye hana maji ya moto hata ya kunawa uso, alikuwa amelipia hayo pia.

Kisha likaja lile neno la jeshi. Kitabu kile kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1962, nacho kimefanyiwa marekebisho mara nyingi. Katika toleo la mwaka 2008 jaribio la kuanguka lilikuwa hivi: kitu chadondoshwa mara 26, kwa nyuso zake zote, kingo zake zote na pembe zake zote, kutoka kimo cha sentimita 122, juu ya ubao wa plaiwudi wa unene wa inchi mbili uliowekwa juu ya zege. Yaruhusiwa kugawanya maanguko hayo 26 kati ya vitu hata vitano vya namna moja. Yaani yawezekana kwamba hakuna simu hata moja iliyoanguka mara zote 26. Wala hakuna ofisi ya jeshi la Marekani inayozipima simu za dukani na kuzipa cheti. Kampuni hujipima yenyewe, au huajiri maabara, na huchagua majaribio ipendayo katika mengi yaliyomo kitabuni. Simu iliyojaribiwa kwa kuanguka tu, na simu iliyojaribiwa kwa kuanguka, joto, baridi, mtikisiko na ukungu wa chumvi, zote mbili zaweza kuandikwa MIL-STD-810 juu ya sanduku.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Kitabu chenyewe hakisemi vitu vyote vipimwe kwa namna moja. Kinasisitiza sana kwamba mpimaji aanze na maisha ya kile kitu: kitabebwa na nani, kitawekwa wapi, kitakutana na jua gani, maji gani, mitikisiko gani. Kisha ndipo majaribio yachaguliwe yaendane na maisha hayo. Askari wale waliandika neno ambalo bibi yangu angeliweza kuwaambia bila kitabu. Wauzaji wameligeuza. Wao huanza na simu, wakaichagulia majaribio itakayoyashinda.

Yupo mtu aliyeanza na kazi. Katika miaka ya 1990, huko Afrika Kusini, Louis Liebenberg, aliyejifunza habari za wasasi wa Kalahari, aliona kwamba watu hodari kabisa wa kusoma nyayo za wanyama hawakujua kusoma herufi, kwa hiyo elimu yao haikuandikwa popote. Akashirikiana na wenzake wakatengeneza programu iitwayo CyberTracker, iliyowekwa katika kompyuta ndogo ya mkononi. Badala ya maneno iliweka picha: mnyama, majani, mavi, nyayo. Msasi aligusa picha, na chombo kikaandika mahali na saa. Hawakuuliza kwanza chombo kinaweza kufanya nini. Waliuliza yule mtu porini anajua nini na mkono wake unaweza kugusa nini. Programu hiyo ilienea baadaye katika hifadhi za nchi nyingi.

Sasa nirudi kwa mjomba, nieleze simu yake ilivyokufa.

Tundu lake la chaji lilikuwa na kifuniko kidogo cha mpira, kilichoshikwa na ulimi mwembamba usiozidi upana wa punje ya mchele. Kifuniko hicho ndicho kilichokuwa kimebeba ile IP68 yote. Kule kwenye kijiji cha wavuvi simu huchajiwa katika kibanda, kwa shilingi kidogo, na mwenye kibanda ana simu 30 za kushughulikia. Hana muda wa kubembeleza mpira. Hukivuta kwa ukucha, akachomeka waya, akageukia nyingine. Mwezi wa tatu ule ulimi ulikatika nusu, mwezi wa nne kifuniko kikaanguka matopeni kisionekane tena. Mjomba alitafuta kingine mji mzima, hakupata. Akakata kipande cha ndara, akakichonga kwa wembe, akaziba. Tangu siku hiyo alikuwa na simu ya kawaida iliyo nzito.

Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili, wakati wa mvua, upepo uliwashukia kutoka milimani wakiwa mbali. Walikuwa watu watatu. Wimbi liliingia mtumbwini, injini ikanyweshwa maji, ikazimika. Mjomba akatoa simu ili ampigie mwenye mtumbwi. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, na kioo kilikuwa na matone. Vioo hivi huhisi umeme mdogo wa kidole cha mtu, na tone la maji huvidanganya, kwa hiyo simu ilijifungulia kamera, ikafunga, ikafungua tena. Mjomba asema alipiga picha saba za giza. Alipofaulu kulipata jina, simu ikatetemeka mkononi mwake, kioo kikawa cheusi. Maji yalikuwa yamepita katika ndara.

Walikuwa na makasia mawili kwa watu watatu, na upepo ulikuwa unawasukuma upande wa Kongo. Wasomaji wa kwetu wataelewa hofu yao bila mimi kuongeza neno, maana wavuvi waliovuka mpaka ule wamekamatwa mara nyingi, na kuwatoa ni fedha. Walipiga makasia kwa zamu mpaka kulipokucha. Saa tatu asubuhi mtumbwi wa kijiji kingine uliwaona ukawavuta. Mkewe mjomba alikuwa amekaa pwani tangu alfajiri, ameshika simu yake mwenyewe, akipiga namba ile ile na kuambiwa kwamba haipatikani.

Mimi nilikuwa shuleni, nikaja kusikia nilipofunga. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mjomba hakunigombeza. Alinipa tu ile simu, akasema, "Ipeleke kwa fundi, umwulize askari amekufa kwa nini."

Fundi wa Kasese aliigeuza mara mbili akatikisa kichwa. Zile skrubu za ubavuni zilikuwa za mapambo. Mbili hazikushika kitu chochote. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa gundi pande zote, kwa kuwa gundi ndiyo izuiayo maji. Akaipasha moto kwa hewa, akaingiza kijikadi chembamba, na kioo kikapasuka kabla mgongo haujaachia. Ndani, katika tundu la chaji, tukaona kutu ya kijani. Alinieleza kwamba maji peke yake si adui mkubwa, adui ni maji pamoja na umeme. Ukichaji simu ambayo tundu lake lina unyevu, zile pini huliwa upesi. Ingekuwa imefunguliwa siku ile ya kwanza kifuniko kilipoanguka, ikasafishwa, ingeliishi. "Lakini kijana," akasema, "hii haikutengenezwa ili ifunguliwe." Kisha akanionyesha debe lake la betri kuukuu, zilizojaa zile ndogo ziitwazo BL-5C, ambazo hata redio nyingi za sokoni huzitumia. "Hizi," akasema, "hata mtoto huzibadilisha."

Betri hizo zilienea pamoja na simu kama Nokia 1100 ya mwaka 2003. Simu ile haikuwa na neno la jeshi. Ilikuwa na vibonye vilivyofunikwa kwa mpira wa kipande kimoja ili vumbi lisipite, ubavu usioteleza mkononi, na tochi. Waliouziwa walikuwa zaidi ya milioni 250. Nadhani waliotengeneza simu ile walikuwa wamekwisha kumwona mtu akitembea usiku barabarani pasipo taa.

Mtu atasema: basi gundi ni lazima, huwezi kupata simu isiyoingiza maji na tena betri itoke. Si kweli. Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina IP68, na mgongo wake hufunguka kwa ukucha na betri hutoka, kwa sababu ndani ya mgongo ule mna ukingo wa mpira unaobana. Tena ubavuni ina pini za nje za kuchajia, hivyo mwenye kazi aweza kutumia kitako cha kuchajia asifungue tundu kila siku, na ina kibonye ambacho mwenyewe aweza kukipa kazi aitakayo. Sisemi mkainunue. Bei yake inamshinda mjomba wangu, wala mimi sijalipwa na mtu. Nasema tu kwamba jambo hilo linawezekana, na anayesema haliwezekani hajatafuta.

Sasa fikirini kazi nyingine zilizo karibu nasi. Pale Katwe watu hukata chumvi wamesimama ndani ya ziwa lenyewe, katika maji makali yanayochuna ngozi. Hakuna IP inayoahidi kitu juu ya maji yale. Na asiyeamini atazame lile gofu la kiwanda cha chumvi lililo pale pale, kilichojengwa kwa mitambo ya Kijerumani na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabomba yaliliwa na chumvi, kiwanda kikasimama upesi, na vyuma vyake vingali vimesimama na kutu. Wahandisi wa kiwanda kizima walishindwa kuuliza maji yale ni maji gani. Mimi nilishindwa kwa simu moja, kwa hiyo nina wenzangu. Mchimba chumvi hahitaji simu ya kuingia majini hata kidogo. Ahitaji mahali pakavu pa kuiacha, na simu yenye mlio mkubwa utakaomfikia pale alipo. Na kama imelowa maji yale, aioshe kwa maji baridi, aikaushe siku nzima kabla hajaigusisha umeme. Hayo hayaandikwi juu ya sanduku.

Waongoza wageni wa Rwenzori wana shida nyingine. Kule juu, kilele cha Margherita kina mita 5,109, pana theluji, na betri hizi za lithiamu hulegea katika baridi. Simu iliyoonyesha nusu hapo kambini yazimika juu. Wakongwe huiweka ndani ya nguo karibu na mwili, nao hawaichaji ikiwa imeganda, maana kuchaji betri chini ya digrii sifuri huiharibu. Mpira wa pembeni hausaidii hapo. Na waendesha bodaboda wanaozifunga simu zao kwenye usukani wajue kwamba kampuni ya Apple yenyewe ilitoa onyo mwaka 2021, kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki waweza kuharibu kamera za simu zake.

Neno la betri kubwa pia litazamwe. Wauzaji husifu betri ya miliampea-saa 10,000, na simu nyingi hizi nene zina betri ya namna hiyo. Wanafunzi wa fizikia na wafanye hesabu nami. Betri hiyo hubeba kama wati-saa 38. Bamba dogo la jua la wati 5, kama yale yaliyo juu ya mapaa mengi kwetu, litahitaji karibu saa 8 za jua kali la adhuhuri, bila wingu na bila kupoteza kitu, kuijaza. Jua la namna hiyo halipatikani katika siku moja. Kwa hakika ni siku mbili au tatu, na wakati wa mvua sijui. Betri ya Nokia 1100, miliampea-saa 850, ilibeba kama wati-saa 3. Betri kubwa ni baraka kwa mtu anayeondoka siku nne akitoka mahali penye umeme, kama askari wa hifadhi. Kwa mtu anayetegemea bamba dogo nyumbani, betri kubwa isiyojaa ni uzito mfukoni tu, na afadhali awe na betri mbili ndogo zinazotoka.

Tena yafaa kuuliza habari za kampuni yenyewe. Simu za kisasa huishi kwa masasisho ya programu, na programu za benki na za fedha hukataa simu zilizoachwa nyuma. Kampuni ya Bullitt ya Uingereza ndiyo iliyotengeneza simu zenye jina la Cat, jina ambalo kila mtu analijua kwa matingatinga. Mwaka 2016 walitoa Cat S60, simu ya kwanza yenye kamera ya kuona joto, na mwaka 2023 wakatoa simu ya kutuma ujumbe kwa setilaiti. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ikafilisika. Matingatinga yangalipo, lakini mwenye kutengeneza simu hayupo. Jina lililoandikwa mgongoni mwa simu laweza kuwa la kukodi.

Sasa najua kwamba mwenzangu mmoja, ambaye tumekuwa tukibishana naye jambo hili tangu muhula uanze, ataandika kunijibu, na naomba Mhariri ampe nafasi. Yeye asema: mvuvi anunue simu mbili za bei ndogo, moja ya vibonye ya kuchukua ziwani ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na moja ya kisasa ibaki nyumbani. Fedha haikai ndani ya simu bali katika hesabu ya laini, kwa hiyo simu ikizama fedha haizami. Kwa kweli hoja yake ni nzuri kuliko ninavyopenda kukiri, na ndivyo mjomba afanyavyo leo. Vibonye hubonyezeka hata kwa kidole chenye magamba ya samaki. Lakini usiku ule wa Aprili simu ya vibonye isingelimwambia mjomba mpaka uko umbali gani. Simu yenye ramani iliyowekwa kabla, iliyo kavu, ingelimwambia, hata pasipo mtandao, maana kupokea mahali kutoka angani hakutaki laini. Sitaki watu wetu waambiwe kila siku kwamba kilicho duni ndicho kinachowafaa. Wangepewa kinachofaa, wangekitumia.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa ndugu zetu wa zamani, mnaorudi Krismasi na zawadi za simu. Kabla hamjanunua, pigeni simu nyumbani mkaulize. Huchajiwa wapi na nani? Mkono huwa na maji, matope au glavu? Fundi aliye karibu aweza kuifungua? Kile kifuniko cha mpira kikipotea, kingine kinauzwa wapi? Muuza duka akishindwa swali la mwisho, nanyi mkawa mnanunua kwa ajili ya mtu wa majini, wekeni fedha mfukoni. Na ninyi mlio na maduka, maana najua wapo wa shule hii wenye maduka, agizeni vifuniko vile. Ni vipande vya mpira tu. Mjomba angelinunua kumi siku ile.

Mwalimu wetu wa fizikia amekubali tufanye jaribio muhula huu: vipande vya vifuniko kuukuu na ndara ya kuchonga, ndoo moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya Katwe, tuone ni kipi kinazuia na kwa muda gani. Simu haziruhusiwi shuleni, wala siandiki haya ili sheria ilegezwe. Tutatumia maganda ya simu zilizokufa, ambayo fundi ametupa bure, pamoja na lile la mjomba.

Mjomba mwenyewe ameanza kuweka fedha tena, kidogo kidogo, baada ya kulipa ada ya muhula wa pili. Anataka twende dukani likizo ya Desemba. Ameniambia kwamba safari hii nitabeba tu mfuko, na nisiseme neno mpaka yeye amemaliza kuuliza.